Ncha ya Pili ya Shuka

Jua limeshapanda, na kamba zote uani zimelemewa na mashuka meupe ya nyumba ya wageni. Mfuaji, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Shuka, anaanua moja, anafunga ncha zake mbili kwenye misumari ya mlango, kisha anarudi kinyumenyume akilivuta mpaka linyooke. Anakunja peke yake kazi ya watu wawili.

Miaka sita sasa misumari hiyo imeshika nafasi ya mdogo wake.

"Yeye kule, mimi huku," anasema. "Alikuwa mtundu yule. Ukijisahau kidogo anavuta, puu, uko chini. Halafu anakuuliza, 'Dada, umeangusha nini huko?'"

Anacheka, anajifuta macho kwa upindo wa shuka la wageni. Anasonya, analirudisha kwenye beseni.

Walifua pamoja tangu usichana wao, wakiimba na kutaniana. Moto ulipozuka chumba cha pasi, mdogo mtu hakutoka. Tangu siku hiyo Mama Shuka hajagusa pasi. Harufu ya nguo iliyoungua humwondoa alipo. Mashuka huyanyoosha kwa viganja yangali na unyevu.

"Wakaniambia nisahau. Nitamsahau vipi mtu niliyembeba mgongoni? Uchungu ukija siufukuzi. Naupa beseni, tunafua wote."

Mwezi uliopita binti wa marehemu, aliyelelewa na Mama Shuka, alimaliza shule akataka kazi hiyohiyo. Akafungua shuka kwenye msumari. Mama Shuka akamnyang'anya.

"Niliona nikimpa ile ncha, namfukuza mama yake," anakiri.

Nyumba ilinuna siku kadhaa. Hatimaye binti akasema, "Mama mkubwa, msumari haukujui. Mimi nakujua."

Akapewa shuka moja, la majaribio.

"Nikakaza miguu nikingoja kuvutwa," anasimulia. "Sikuvutwa. Huyu alikuja polepole mpaka vidole vyetu vikagusana. Si mama yake. Ni yeye. Nililia, lakini tulilimaliza."

Sasa binti anataka wapokee na mapazia, na mapazia hayaendi bila pasi. Mama Shuka amekubali, kwa sharti mlango wa chumba cha kupigia pasi ukae wazi.

"Atapiga yeye, mimi nianze nikiwa kule kwenye kamba. Nitakuwa nasogea kidogo kidogo," anasema. "Siku nikifika kizingitini, aniletee kigoda. Nitakaa hapo nimwambie jinsi mama yake alivyokuwa anaunguza kola za watu."