Evodia Alivyorudi Kusalimia

Kumtuma Evodia sokoni kununua chumvi ilikuwa sawa na kukubali kula mboga chapwa siku hiyo. Si kwamba alikuwa mvivu. Miguu yake ilikuwa myepesi kuliko ya msichana yeyote niliyemjua pale Sumbawanga. Tatizo lilikuwa salamu.

Kwetu Ufipa salamu si neno la kurusha huku unapita. Mtu mzima unamsogelea, unachuchumaa, unapiga makofi ya taratibu, kisha unaanza kuuliza: nyumbani, watoto, shamba, kile kikohozi cha masika. Naye anakuuliza vilevile, jambo moja moja, bila haraka. Sisi vijana wa mjini tulikuwa tumeshaanza kufupisha. Wenyewe kwa wenyewe ilikuwa "mambo" na "poa", na shikamoo tuliwatupia wazee huku miguu ikiendelea na safari. Evodia hakufupisha hata siku moja. Tukienda harusini, sisi tunafika wali ukiwa wa moto, yeye anafika wakati sufuria zinaoshwa, na bado wanawake wa jikoni walimwekea sahani yake imejaa. Jambo hilo liliniudhi sana.

Mimi ni Rosina. Miaka ile ya tisini, mitumba ilipomwagika nchini, nilipata meza karibu na soko, na Evodia alikuwa akimsaidia mama yake kuuza chakula kwenye genge la jirani. Mchana alihudumia wapiga debe na madereva wa malori. Jumamosi jioni tulikusanyika kwa akina Margareth, ambao walikuwa na redio kaseti kubwa, tukacheza muziki mpaka betri zianze kuzeeka na mwimbaji aanze kuongea kama mlevi. Jumapili kanisani, halafu kutembeleana. Hakuna shughuli iliyofanyika mjini bila Evodia kualikwa, na hakuna aliyofika kwa wakati.

Baba yake ndiye aliyemlea hivyo. Mzee Beda alikuwa seremala, mwembamba, mwenye koti zito alilolinunua kwangu na ambalo msimu wa baridi hakulivua hata akiwa anapiga randa. Nyumbani kwake palikuwa na sheria moja iliyozidi zote: mtoto wake asimpite mtu mzima bila kumsalimia. "Ukimpita," alikuwa akisema, "umemwambia kwamba hayupo."

Mwalimu Dominiko, aliyekuwa akifundisha vijana riadha baada ya vipindi vya shule, alimgundua Evodia kwa bahati tu. Siku hiyo lori liliondoka na kapu la mama yake. Evodia alilifukuza, akalikamata kwenye mwinuko, akaruka, akashuka na kapu lake. Mwalimu alikuwa amekaa gengeni anakula ugali na mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika. Aliuacha mgebuka. Kesho yake alikuja kwangu kuulizia raba, nikamchagulia pea nyekundu kutoka kwenye belo jipya la mitumba. Moja ilikuwa na kamba nyeupe, nyingine ya kijani.

Basi wakaanza mazoezi alfajiri, barabara ya kwenda Matai. Na hapo ndipo Mwalimu alipoanza kupata mvi. Evodia anakimbia vizuri kabisa, mara anatokea mzee na jembe lake begani. Evodia anasimama, anachuchumaa, makofi, nyumbani, shamba, kikohozi. Anainuka, anakimbia, huyo bibi mwingine na kuni zake. Mwalimu akashindwa kuvumilia.

"Evodia, hii saa yangu inapima mbio au inapima salamu?"

"Mwalimu, ningempitaje? Amenitazama."

Wakajaribu kutoka mapema zaidi, kabla ya jua. Haikusaidia kitu. Wazee wa Ufipa huamka mapema kuliko mwanariadha yeyote.

Pamoja na hayo, kasi yake ilikuwa ya kutisha, na jina lake likapelekwa kwenye mashindano ya ujirani mwema kule Mbala, Zambia. Nje ya nchi! Mtaa mzima ulizungumza habari hiyo. Kusema kweli Mbala ni safari ya siku moja tu kwa lori, na lugha ya watu wa kule na Kifipa chetu ni ndugu, lakini mpaka ni mpaka, na mtu aliyegongewa mhuri ni mtu aliyekwenda nje. Nikasema mimi nami naenda, nitauza sweta mbili tatu, na nani atamshikia nguo zake?

Kibali cha Mzee Beda kilikuja kwa shida. Alipiga randa siku nzima, kisha akamwita binti yake, nami nikiwa nimekaa hapohapo kwenye magogo.

"Nenda," alisema. "Lakini kule nako kuna watu wazima. Na shangazi yako Josefina, dada yangu, ndiko alikoolewa. Nikisikia umempita mtu mzima kama mbuzi anavyopita, raba hizo nitazigawa, na mbio zitakuwa zimekwisha. Umenisikia, mama?"

"Nimesikia, baba."

Mzee Beda hakuwa mtu wa kutania. Na Evodia alizipenda mbio kuliko ngoma, kuliko harusi, kuliko sisi wote tukiunganishwa pamoja. Aliniambia tulipokuwa tunafungasha: "Rosina, nikiwa nakimbia ndipo naona mwili huu ni wangu. Akiniambia niache, nitaacha. Lakini nitakuwa natembea tu hivi hivi maisha yangu yote." Nikamkunjia soksi zake.

Njiani, juu ya magunia ya mahindi, Mwalimu Dominiko alimpa somo la mwisho. "Huko hakuna anayekujua. Bunduki ikilia, macho mbele. Salamu zote utazitoa ukimaliza." Evodia aliitikia kwa kichwa. Nilimwona anavyolishika neno hilo kwa makini, kama anavyoyashika maneno yote ya watu wazima.

Siku ya mashindano uwanja wa Mbala ulifurika. Wakimbiaji walitoka uwanjani ili wazunguke hadi upande wa ziwa dogo la Chila, kisha warudi. Mimi nilibaki na khanga yangu na wasiwasi wangu. Nilijua kabisa atachuchumaa mahali. Nilijua nitamwona wa mwisho, akisindikizwa na mzee anayemweleza habari za mgongo wake.

Wa kwanza kuingia uwanjani alikuwa amevaa raba nyekundu, moja ina kamba ya kijani.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Mwalimu aliitupa saa yake juu, akaidaka, akaitupa tena. Evodia alikata utepe akiwa anacheka, tukamkumbatia, na mama mmoja aliyekuwa akigawa maji akamletea kikombe. Alimtazama usoni kwa makini.

"Wewe si ndiye mtoto wa kwa akina Josefina? Basi amekuona! Amesimama barabarani tangu asubuhi. Amemwambia kila mtu kwamba mtoto wa kaka yake anakuja kukimbia."

Kicheko cha Evodia kilikatika. "Sehemu gani, mama?"

"Huko huko barabarani."

"Amevaaje?"

"Kitenge."

Evodia aligeuka, akautazama uwanja. Wanawake wote, wazee kwa vijana, walikuwa wamevaa vitenge. Na shangazi huyo aliolewa kabla Evodia hajazaliwa, wala Evodia hakupata kumwona hata kwa picha.

"Nimempita," alisema. "Rosina, nimempita shangazi yangu."

Akaweka kikombe chini, akatoka mbio kwa mlango uleule aliouingilia. Mwalimu alibaki mdomo wazi. "Anakwenda wapi? Wanakaribia kuita majina!"

Mimi nilijua anakokwenda, na nilijua amevaa kaptura, na kwamba kwa kaptura hawezi kuchuchumaa mbele ya mtu mzima. Nikamfuata na khanga yangu, kwa kandambili, jua likiwa kichwani. Nakwambia ukweli, siku ile Evodia alikimbia mbio moja, mimi nilikimbia yangu, na yangu hakuna aliyeipigia makofi.

Nilimkuta kwa bibi wa kwanza akisita pembeni kwa aibu ya mapaja yake. Nikamfunga khanga. Akachuchumaa, akapiga makofi, akasalimia, nyumbani, shamba, wajukuu. Bibi alifurahi mno, lakini hakuwa Josefina. Alisema Josefina yuko mbele. Wa pili hakuwa Josefina. Kundi la wazee waliokaa kwenye gogo, wote wanaume, walisalimiwa pia, kwa kuwa nao walipitwa. Kila mmoja alimaliza maswali yake yote. Nyuma yetu kipaza sauti kilisikika kikiita: Evodia Beda, Tanzania! Evodia Beda!

"Evodia, kombe!"

"Mwalimu alisema salamu nitazitoa nikimaliza. Nimemaliza."

Ungemfanya nini mtu kama huyo? Kombe alilipokea Mwalimu Dominiko. Picha ya siku ile bado ipo, inamwonyesha yeye na shada la maua shingoni, kombe mkononi, amekunja sura kama mtu aliyefiwa.

Tulimpata shangazi Josefina kwenye kona ya karibu na ziwa, amesimama peke yake. Wenzake walikuwa wameshaondoka. Sikuhitaji kuambiwa. Alikuwa Mzee Beda aliyevaa kitenge, wembamba uleule, kidevu kilekile. Evodia alichuchumaa, akapiga makofi, akauliza yote. Shangazi aliitikia yote hadi mwisho, hakuruka hata swali moja. Ndipo akasema:

"Niliwaambia wenzangu, sasa mtaona, atasimama. Ukapita. Namba yako ya mgongoni niliisoma vizuri sana."

"Nisamehe, shangazi."

"Kaka yangu anajua unavyokimbia hivi?"

"Anajua. Alisema nisimpite mtu mzima, nikimpita ndiyo mwisho wa mbio." Evodia hakujua kudanganya, nilitamani kumfinya. "Utamwambia?"

"Nitamwambia mwenyewe," alisema shangazi, na uso wake haukuonyesha lolote.

Asubuhi yake alikuja kwenye lori na kifurushi na kuku mmoja, akapanda. Njia nzima alikula karanga zetu na kusimulia vichekesho vya Mbala, Mwalimu akicheka hadi kushika mbavu. Evodia hakucheka. Alizipakata raba zake mapajani.

Mzee Beda alikuwa kwenye karakana yake, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Alipomwona aliyeteremka garini, randa ilimponyoka. Ndugu wale wawili walichuchumaa kwenye maranda, wakapigiana makofi, wakaulizana habari za walio hai na waliokufa, na waliokufa walikuwa wengi. Mama Evodia alipasha chai moto, ikapoa, akaipasha tena.

Walipomaliza, shangazi alijifuta macho, akasema, "Beda, mtoto wako alinipita barabarani."

Mzee Beda alimtazama binti yake, kisha akaitazama miguu yake. Alinyoosha mkono. "Raba," alisema.

Evodia aliinama akaanza kufungua kamba ya kijani. Mimi nilikuwa tayari nalia, na hasira pia, nilitaka kumwambia mzee yule kwamba raba zile zilitoka kwenye belo langu na sikumpa ruhusa ya kuzigawa.

"Ngoja, sijamaliza," alisema shangazi. "Alinipita, halafu akarudi. Alikuwa ameshinda, jina lake linaitwa uwanja mzima, akaliacha akarudi kusalimia barabara nzima ananitafuta mimi. Sura yangu haijui. Wewe unaijua. Tangu niolewe, umekuja Mbala mara ngapi?"

Mzee Beda alifungua mdomo. Alianza na mavuno, akaendelea na ubovu wa barabara, akataja mambo ya mpakani. Kisha akanyamaza mwenyewe.

"Sijaja," alisema.

"Basi ulikuwa unanipita, kaka yangu. Mwaka baada ya mwaka."

Mzee Beda alifunika uso kwa mikono yake yenye vumbi, akalia bila kujificha. Shangazi alimshika bega la lile koti, akamwacha alie. Baadaye mzee alijongea alipokaa Evodia, akainama kwa shida, na kamba ya kijani akaifunga mwenyewe, fundo mara mbili.

Shangazi Josefina alikaa kwa kaka yake hadi mahindi yalipokwisha kupukuchuliwa. Siku moja alfajiri, Mwalimu aliponiomba nimshikie koti lake kwenye mazoezi, nilimwona shangazi amesimama kando ya barabara ya Matai pamoja na Mzee Beda na wazee wengine, majembe begani, pumzi zao zikitoka moshi kwa baridi. Evodia alitokea mbio kwenye mteremko. Alipowaona akaanza kupunguza mwendo, goti tayari linakunjika.

Mzee Beda akamtangulia. Aliweka jembe chini, akachuchumaa yeye, akapiga makofi taratibu, na wazee wote wakamfuata.

"Pita, mama!" alimwitia. "Tutasalimiana ukirudi!"

Evodia akapita. Aliporudi aliwakuta wote hawajasogea hata hatua, na chai ya asubuhi ile tuliinywa mchana.