Meno ya Bunju wa Mama Mkwe

Mimi na yule bunju, samaki wa kujivimbisha, hatukupendana, na wala sifichi. Mume wangu alimleta ili amchangamshe mama yake, aliyehamia kwetu baada ya kufiwa na mumewe. Akasogeza kochi langu, akaweka tangi la kioo pale sebuleni, na tangu hapo ndoo za maji ya chumvi hazikutoka jikoni kwangu. Nikimaliza kudeki, nikigeuka, dimbwi jingine. Tunakaa ghorofani, jamani, lakini nyumba inanuka ufukwe!

Ila samaki huyo alifanya kazi iliyotushinda sisi. Mama mkwe alikuwa akikaa kitini kutwa nzima, hasemi, chakula anakigusagusa tu. Bunju alipokuja, mama akampa jina la Kitumbo. Kitumbo naye akimwona tu anakuja mbio kwenye kioo, macho yanazunguka, mapezi yanapepea, akifunuliwa tangi anamtemea maji hadi kwenye miwani. "We mlafi wewe!" mama anamwambia, anacheka. Na akishacheka, anakula.

Muuza samaki aliyetuuzia Kitumbo alituambia wazi: mpeni kome na kaa wadogo pamoja na maganda yao. Mama akakataa katakata. Mwanamke huyu amelea watoto wake kwa kuwamenyea kila kitu. Mpaka leo mume wangu, mtu mzima mwenye kipara, huchambuliwa miiba ya samaki. Kitumbo apewe ganda? "Kitoto kama hiki kitaumia," alisema, akawa anakaa jikoni akibandua nyama ya kome, akiikatakata vipande vidogo.

Miezi ikapita. Siku moja Kitumbo akaletewa nyama yake, akaigusa, ikamponyoka. Kesho yake vilevile. Nilipochungulia nikaona meno yamerefuka hadi kinywa hakifunguki sawasawa. Nikampigia simu muuza samaki.

"Mlikuwa mnammenyea, siyo?" akauliza. "Meno ya bunju hayaachi kukua. Maganda ndiyo yanayoyasaga. Sasa yakatwe, la sivyo atakufa njaa."

Mchana huo mama aliisukuma sahani yake. Jioni akaisukuma tena. Niliogopa kwelikweli, maana nilijua anakoelekea.

"Wewe si unakata kucha za watu?" mume wangu akaniambia.

Jamani! Kazi yangu ni saluni, kutengeneza kucha na kuzipaka rangi. "Kucha hazining'ati!" nikamjibu. Lakini nikaleta koleo yangu ndogo ya kukatia kucha ngumu, nikaisafisha vizuri. Muuza samaki akatuelekeza kwa simu: beseni lijazwe maji ya tangini, tone moja moja la mafuta ya karafuu limleweshe, na asitolewe kabisa nje ya maji, asije akajijaza hewa akavimba.

Mama alimshika humo ndani kwa kitambaa laini.

"Baba yenu alipokataa kula," akasema taratibu, "nilikaa namtazama tu."

"Leo hatukai, mama," nikasema. "Mshike vizuri."

Nikakata ncha ya juu, kidogo tu. Nikakata ya chini. Jasho lilinitoka utadhani nimebeba gunia la mkaa.

Tulipomrudisha tangini alilala chini, ubavu ubavu. Nikasema basi, nimeua samaki wa mama mkwe, nitaficha wapi uso wangu? Kisha pezi moja likapepea, na la pili, na Kitumbo akanyanyuka. Baadaye mama akachukua kome mdogo, mzima na ganda lake, akamdondoshea. Bunju akamzunguka yule kome, akamkagua kama mteja msumbufu, halafu akauma. Kacha! Tuliisikia mpaka huku nje ya tangi.

Mama alilia. Mimi pia nililia, tena kwa sauti, kwa ajili ya samaki nisiyempenda. Mama akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akanigeukia.

"Mkwe," akasema, "kwani nyumba hii leo haina chakula?"