Nani Alichinja Huyu Mbuzi?

Kihindi changu sikukipata shuleni. Nilikipata langoni, bidoni, yaani dumu, ya maziwa mkononi na mtoto mgongoni, mbele ya kambi ya askari wa India wa Umoja wa Mataifa waliokuwa wamekaa karibu na Masisi mjini, mashariki ya Kongo. Kwetu ni Kingi, juu milimani, na sisi ni watu wa ng'ombe. Kila asubuhi nilishuka na maziwa, na kila asubuhi askari yuleyule wa jikoni alichovya kidole kwenye bidoni yangu, akakitazama kwa uso wa daktari, akaniuliza: "Paani?" Alitaka kujua kama nimetia maji. "Paani nahin," nilimjibu, hakuna maji. Mara nyingi nilikuwa nasema kweli.

Kisha alipima lita kwa sauti: ek, do, tin, char. Mtoto mgongoni alihesabu pamoja naye, na ndiyo maana binti yangu alijua ek na do kabla ya kujua moja na mbili, jambo lililomuudhi sana babu yake. Siku moja nilichoshwa na kile kidole. Niliinua bidoni, nikanywa mafunda manne mbele ya yule askari huku nimemkazia macho. Alicheka mpaka akakaa chini. Nilirudi nyumbani nimekasirika, bila kujua kilichomchekesha.

Baadaye mume wangu, ambaye ni mwalimu, alihamishiwa Walikale. Niliacha baridi na ng'ombe, nikashuka kwenye joto na msitu, na Kihindi changu nikaja nacho. Nilijisifia kupita kiasi. Harusini, kanisani, kwenye foleni ya maji, nilihakikisha hakuna mtu ambaye hajui kwamba naongea Kihindi. Hakukuwa na Mhindi hata mmoja wa kunihoji, kwa hiyo niliongea vizuri sana.

Halafu antena, ule mnara wa simu wa Walikale, ikafa.

Ikafa wakati mbaya kuliko wote. Yule binti wa mgongoni alikuwa amekua, ameolewa, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imefika mwisho huko Kingi, kwa mama yangu. Barabara kati yetu ilikuwa ya matope na mambo mengine ya bunduki ambayo watu wa kwetu wanayajua. Simu ndiyo ilikuwa njia yangu pekee ya kumfikia. Wiki tatu nilitembea nayo imekufa mkononi, nikiitazama kila baada ya hatua kumi. Sikulala. Nilimgombeza mume wangu kwa makosa ya miaka iliyopita, naye, maskini, aliyakubali yote.

Mwishowe fundi alikuja na ile ndege ndogo inayotua barabarani. Siku ya tatu shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, akabisha mlangoni kwangu mapema.

"Mama, njo weye unajua Kihindi?"

"Njo miye," nilisema.

"Ule enjeniere iko Muhindi, tena Mwislamu. Tangu afike anakula biskuti na ndizi tu. Jana alipanda antene, mikono ikaanza kutetemeka, akashuka. Anasema kama hapati chakula leo, kesho anarudia na ndege."

Nilivaa kitenge changu kizuri nikaenda.

Nilimkuta mtu mwembamba, mpole, mwenye ndevu fupi, ameketi juu ya sanduku la vifaa kama abiria aliyeachwa. Aliponisikia namsalimu kwa lugha yake, alisimama na macho yakamlengalenga. Alimwaga maneno mengi sana. Mimi nilishika "halal", nikashika "njaa", na nikashika "tumbili". Polepole nilielewa kwamba siku ya kwanza alifunua sufuria katika restora moja akakuta mkono wa tumbili, na vidole vyake vyote, ukielea kwenye mchuzi. Tangu hapo hakuamini sufuria yoyote ya Walikale, hata ya maharage.

"Accha," nilimwambia, yaani sawa. Nikampeleka kwa Mama mwenye restora ya karibu na soko, anayejulikana kwa mbuzi wake.

Tulikaa. Mama akaleta wali na mchuzi wa mbuzi uliokuwa unanukia vizuri. Fundi aliinama, akanusa, akafumba macho. Halafu akanigeukia: "Yeh halal hai?" Hii ni halali?

Nikatafsiri kadiri nilivyoweza. "Mama, huyu mugeni anauliza hii nyama iko namna gani. Nani alichinja huyu mbuzi?"

Mama aliweka mwiko chini.

Kwetu kuna maswali ambayo mtu haulizi mbele ya sahani. Ukiuliza chakula kimetoka wapi, kimeshikwa na nani, kimepikwaje, umeshasema bila kusema kwamba unaogopa sumu. Niliishi miaka yote hiyo nikilijua hilo, na asubuhi ile nililisahau kwa sababu nilikuwa nahangaika na Kihindi.

Mama alivuta sahani ya fundi. Akala kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, akinitazama mimi bila kupepesa. Akanywa mchuzi. Akafuta mdomo.

"Nakufa?" aliuliza. "Angalia muzuri. Nakufa?"

Wateja wengine walikuwa wameacha kutafuna. Mmoja aliinuka taratibu, akachukua kofia yake, akatoka bila kumaliza.

"Mama, hapana ile..." nilianza.

"Weye mwanamuke wa Masisi, umetoka kwenu na baridi yenu kuja kuniharibia jina? Toka! Na Muhindi wako!"

Kwenye restora ya pili habari zilikuwa zimeshafika kabla yetu. Hatujauliza neno, mwenye maharage akala robo ya sahani ya fundi, akamwita mume wake naye akala, akamwita na dada yake. Fundi aliangalia maharage yanavyopungua. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayekaribia kulia, kwa nini kila mtu Walikale anamlia chakula chake.

Sikuwa na Kihindi cha kueleza mambo ya sumu. Nilitafuta kichwani nikakuta kitu kimoja tu. "Paani nahin," nikamwambia. Hakuna maji.

Alisukuma sahani kando, akainuka. Nafikiri hapo ndipo alipojua kiwango cha Kihindi changu.

Tulitoka, tukakaa juu ya jiwe. Aibu ilinila. Aliyenijia akilini ni yule askari wa jikoni, na mimi mbele yake nikinywa maziwa yangu kwa hasira. Aliniuliza habari ya maji, nami nikamjibu habari ya sumu. Sasa ndipo nilipoelewa alichocheka. Na nilielewa kwamba mpishi nisimuulize tena. Anayejua nani alimchinja mbuzi ni mchinjaji.

Machinjio yako mtoni, nyuma ya soko. Nilipita hapo kila wiki kununua nyama ya ng'ombe na sikuwahi kutazama ni nani aliyeshika kisu. Alikuwa mzee mwenye kofia nyeupe na buti za plastiki, mtu wa upande wa Maniema, ambako Waislamu ni wengi.

"Papa," nilisema, na safari hii nilichagua maneno, "banakuletea mbuzi za restora zote?"

"Zote, Mama. Miye njo nachinja za wote. Kama siye miye, bafanyabiashara Baislamu habanunui nyama. Hata mbuzi ya pasteri wako ya Noeli, ni hiki kisu."

"Na ya ule Mama wa karibu na soko?"

"Ya leo asubuhi? Ni miye."

Kabla sijaanza kutafuta Kihindi cha hayo, fundi alikuwa ameona kofia. "Salaam alaikum," alisema. "Waalaikum salaam," mzee akajibu. Wakashikana mikono yote miwili. Mzee akaonyesha kisu, akaonyesha mbinguni, akaonyesha upande wa restora. Fundi akacheka kwa mara ya kwanza. Hawakunihitaji hata kidogo. Kihindi changu chote, cha harusini na cha kwenye foleni, kilisimama kando kikishikilia mkoba.

Tulirudi kwa yule Mama tukiwa watatu. Mzee mwenyewe alimweleza, taratibu, kwamba ni mambo ya dini, si mambo ya sumu. Mama alisikiliza amekunja mikono. Akapakua sahani mpya, akaiweka mezani. Si mbele ya fundi. Mbele yangu.

"Kula weye kwanza," alisema. "Watu bote baone."

Na watu wote walikuwepo, maana nusu ya soko ilikuwa imetufuata.

Hapa lazima niseme jambo ambalo nilikuwa sijalisema popote Walikale. Mimi nilikuwa sili mbuzi. Kwetu kwa watu wa ng'ombe, bibi yangu alinifundisha tangu utoto kwamba mwanamke akila mbuzi anaota ndevu. Nilikwenda shule, nikabatizwa, nikaolewa na mwalimu, na bado sikuwahi kuonja, sherehe baada ya sherehe. Nilikuwa natafuta kisingizio cha tumbo. Siku nzima nilikuwa nimezunguka mji nikimwonea huruma mtu wa watu kwa masharti yake ya kula, na yangu nimeyaficha chini ya kitenge.

Nilimtazama fundi. Macho yake hayakutoka kwenye sahani yangu. Nikamfikiria binti yangu huko Kingi, sijui kama amelala chini au amesimama, sijui kama yuko hai. Nikachukua kipande kikubwa.

Kilikuwa kitamu. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Nakufa?" nilimuuliza Mama, mdomo umejaa.

Alicheka akapiga meza, na wote wakacheka, na fundi, bila kuelewa chochote, akaivuta sahani ile akala mpaka mifupa ikabaki myeupe. Mchana huo alipanda antena. Kesho yake alipanda tena, na ndege ikaondoka bila yeye.

Saa kumi jioni ya siku hiyo ya pili alishuka, akaja moja kwa moja kwa Mama, maana sasa hakutaka kula pengine. Mama aliweka sahani, akaonja kidogo kwa kumtania, akamsukumia. Fundi alikuwa ameshika kipande cha kwanza pale simu ya mtu mmoja ilipolia. Halafu ya mwingine. Halafu zote kwa pamoja, mifukoni, ndani ya sidiria, chini ya viti, ujumbe wa wiki tatu ukiingia kwa mkupuo. Watu walipiga kelele kama timu yetu imefunga.

Yangu ililia ya mwisho. Laini ilikuwa mbovu, sauti inakatika, maneno yanaingia vipande vipande. Nilipiga kelele: "Mwanangu! Uko? Ulizaa?"

Mikwaruzo. Kisha sauti yake, imechoka, inacheka.

"Mama, ek, do."

Sikuelewa mara moja, nikarudia kwa sauti: "Ek, do?" Fundi ndiye aliyeinua kichwa kutoka kwenye sahani, ameshangaa kusikia watu wa Masisi wakipima laini kwa Kihindi, kama mafundi. Akaninyooshea vidole viwili.

Watoto wawili, mapacha. Nililia pale pale, mbele ya soko zima, bila haya. Mama mwenye restora alinishika mabega akaniuliza ni kitu gani, kuna msiba? Nilimwonyesha vidole viwili na mimi. Nikajipapasa kidevu, nikakuta bado ni laini, nikamwambia ndevu zije kama zinataka, aniongezee nyama.