Spika Mbili za Nyuma

Nilipomaliza Fomu Foo nilikaa nyumbani miezi mingi nikingoja neno moja tu la Baba. Neno lenyewe lilikuwa "nenda." Kaka yangu alikuwa anafanya kazi Nairobi, na alikuwa amenipatia nafasi kwa chuo cha kupiga taipu. Ningekaa kwake, na mke wake. Kila nikimuuliza Baba alikuwa ananijibu, "Tutaona." Hiyo tutaona ilinichosha. Nilikuwa nachuma majani chai nikiifikiria, napika nikiifikiria, na wasichana niliosoma nao walikuwa wanaondoka mmoja mmoja.

Nairobi yenyewe haikuwa shida ya Baba. Shida ilikuwa wifi. Kaka alioa msichana wa Taita bila kuambia mtu yeyote nyumbani, na siku alipomleta Baba alimsalimia kwa mbali, halafu hakuongea naye tena. Kwetu mzee na mke wa mtoto wake wana heshima kubwa kati yao, tunaiita ensoni. Hawashikani mikono, hawakai karibu, na hawawezi kusikia maneno ya mapenzi wakiwa mahali pamoja. Hiyo iko kila boma. Lakini Baba aliongeza yake juu, mpaka ikawa hakuna mtu anajua kama ni heshima ama ni chuki. Nafikiri hata wifi hakujua. Alikuwa hajui Kikisii, kwa hivyo akiwepo tulikuwa tunaongea Kiswahili chetu cha shule, na tukikosea alikuwa anaangalia chini ili tusimwone akicheka.

Siku moja nilisikia Baba akimwambia Mama jikoni, "Nitampeaje msichana wangu kwa mtu simjui?"

Mama akamjibu, "Si umjue basi."

Baba akakohoa, akatoka nje.

Sasa, Baba alikuwa na gari. Ilikuwa gari kubwa ya Kiingereza, nyeusi, viti vya ngozi nyekundu, na pale mbele mbao inang'aa kama meza ya hakimu. Aliinunua kwa mzungu mmoja meneja wa chai upande wa Kericho, wakati yule mzungu alikuwa anarudi kwao. Ilikuwa karibu rika yangu. Baba alikuwa anaipangusa kila Ijumaa mchana ili Sabato ikiingia iwe safi, na hakuna mtu mwingine aliruhusiwa kuiendesha. Kitu kimoja tu kilikuwa kimechoka, redio. Ukiiwasha ukiwa mtoni, inaanza kuongea ukifika juu ya kilima, na spika yake moja ilikuwa inatetemeka.

Kaka alipokuja likizo na wifi, alibeba kitu kimefungwa na taulo. Alikifungua mezani. Ilikuwa mashine ya kaseti ya gari, mpya, na spika mbili.

"Tata," akamwambia Baba, kwa maana hivyo ndivyo tunamwita, "gari kama hii haiwezi kuwa na redio ya kukohoa."

"Inaongea."

"Inakohoa, Tata."

"Hata mimi nakohoa. Utanitoa pia, uweke mpya?"

Tulicheka sisi wote, hata wifi aliyekuwa amesimama mlangoni. Baadaye kaka alinivuta kando. "Wewe tulia. Mzee akisikia kwaya kwa hizi spika, atakupea ruhusa mwenyewe."

"Nimetulia ya kutosha," nikamwambia.

Alhamisi tulienda Kisii mjini, Baba, kaka na mimi. Kulikuwa na fundi mmoja wa redio anafanyia kazi kwa baraza ya duka la Mhindi, mtu wa maneno mengi. Alipotoa mashine yake ya kutoboa, Baba alisimama kati yake na gari.

"Hukati hiyo mbao."

"Mzee, sikati. Naitundika chini yake. Mbao kama hii nikikata, hata mama yangu atanilaani."

Lakini nyuma ilibidi kukata. Nyuma ya kiti, chini ya kioo, kulikuwa na kibao kimefunikwa na kitambaa, na spika zilitaka mashimo mawili ya mviringo pale. Baba aliangalia ile kazi mpaka mwisho, uso umekaza. Vile vipande viwili vya mviringo vilipodondoka aliviokota, akapuliza vumbi, akaviweka mfukoni mwa koti. Sikumuuliza ni vya nini.

Halafu, Baba alipoenda kando kidogo, kaka akamwambia fundi, "Waya wa stima niunganishie moja kwa moja na betri. Usipitishe kwa ufunguo. Nataka tusikilize hata gari ikiwa imezimwa."

"Ukisahau, betri itakufa."

"Siwezi kusahau."

Fundi akafanya alivyoambiwa. Kisha kaka akaingiza kaseti ya nyimbo za kanisa, ambayo alikuwa amejirekodia Nairobi. Baba aliingia ndani peke yake akafunga milango yote. Tulimwona kupitia kioo tu. Baba alikuwa anaimba besi kwa kwaya yetu tangu nizaliwe, na ile redio ya zamani haikuwa na besi kabisa, ilikuwa na sauti ya nyuki. Alikaa na mikono juu ya usukani, na nikaona midomo yake inaanza kwenda. Mke wa mwenye duka alitoka nje na sari yake akachungulia. "Ah, Mzee! Sasa gari yako imekuwa kanisa."

Baba akafungua mlango. "Sauti ya nne inasikika," akasema. "Inatoka huko nyuma, kama kwaya yenyewe."

Kaka akanipigia jicho. Mimi nilikuwa tayari najiona kwa chuo, na sketi yangu ya kazi.

Siku ya Sabato tulienda kanisani na hiyo gari. Wakati wa kurudi Mama alibaki na kikao cha wamama. Baba alikuwa kwa usukani, kaka kando yake, mimi na wifi nyuma, vichwa vyetu karibu kabisa na zile spika. Wifi alikaa upande wa kaka, amejifunika leso, ameangalia nje. Baba mwenyewe ndiye alisema, "Weka nyimbo." Barabara ilikuwa imejaa watu wa kanisa wanatembea kurudi makwao, na Baba alikuwa anaenda polepole ili asiwarushie vumbi. Kwaya iliimba. Baba akaimba besi yake, wazi, bila aibu, na mimi nikasema moyoni, leo. Tukifika nyumbani nitamuuliza leo.

Wimbo ukaisha. Kukawa kimya kidogo, kelele ya kaseti tu. Halafu zile spika zikapasuka na gitaa.

Kaka alikuwa amerekodi kwaya juu ya kaseti ya densi, na kwaya haikufika mwisho wa kaseti. Mwanaume alianza kuimba, kwa Kiswahili safi kila mtu anasikia, akimbembeleza mwanamke avue nguo pole pole, taa wazime baadaye. Mwanamke akamjibu. Siwezi kuandika alimjibu nini. Na haikutoka mbele, ambako mtu angeweza kujifanya ni redio tu inapiga kelele. Ilitoka kwa mabega yetu, mimi na wifi, kana kwamba ni sisi tunamwimbia Baba.

Nyumbani mambo kama hayo yakitokea mtu ana mahali pa kwenda. Baba anakohoa, anatoka, anaenda kuangalia ng'ombe. Ndani ya gari utaenda wapi? Mzee, binti yake, mtoto wake na mke wa mtoto, wote chini ya paa moja, milango imefungwa.

"Zima," Baba akasema.

Kaka aliinama kwa mashine. Na akacheka. Naapa alicheka. "Ni wimbo tu wa vijana, Tata, ngoja..." Akashika kifungo kisicho chenyewe, sauti ikapanda.

Baba akasimamisha gari kando ya barabara, akazima, akatoa ufunguo. Wimbo ukaendelea. Akaangalia ufunguo mkononi, akaangalia mashine. Hakujua habari ya waya wa betri. Watu wa kanisa walikuwa wamesimama. Mtoto mmoja alianza kutingisha kiuno, mama yake akampiga kofi. Baba akafungua mlango, akashuka, akaufunga pole pole kama kawaida yake, akaenda kwa miguu.

"Zima hiyo kitu!" nikamwambia kaka. Alikuwa bado anacheka na machozi. Nikapanda juu ya kiti cha mbele, nikashika waya chini ya mbao, nikavuta mpaka ukakatika.

Nilipoinua kichwa, wifi hakuwa kwa gari. Kofia ya Baba ilikuwa imebaki kwa kiti, na yeye aliichukua. Alikuwa anamfuata Baba, upande ule mwingine wa barabara, mbali, na viatu mkononi. Baba hakugeuka. Alipofika kilimani akasimama kupumua. Wifi naye akasimama. Baba akaanza tena, wifi akaanza.

"Hebu tuwafuate na gari," kaka akasema.

"Na ufunguo uko wapi?"

Ndipo alipoacha kucheka.

Tuliacha gari pale pale, tukaenda kwa miguu, tukawafikia nyumbani. Baba alikuwa ndani. Kofia ilikuwa kwa kiti chake cha nje, na wifi jikoni anaosha miguu. Nikamuuliza ni nani alimfundisha kumfuata mzee hivyo.

"Nifundishwe na nani?" akasema. "Kwani unafikiri kwetu Taita mkwe anapitwa njiani kama mbuzi?"

Miaka miwili tangu aletwe nilikuwa nafikiri sisi tu ndio tuna aibu.

Jua lilipotua na Sabato ikatoka, Baba alituita. Alikaa kwa kile kiti, ile kofia kichwani. Wifi alisimama mbali karibu na ghala, ameinamisha kichwa. Nilijua yangu yameharibika.

Baba akamwambia kaka, "Ulicheka."

"Tata, nilikuwa nataka..."

"Mke wako ndani. Dada yako ndani. Mimi ndani. Ulicheka."

Baba akanigeukia. "Wewe, ile kozi yako. Nenda."

Nikafungua mdomo. Akainua mkono.

"Lakini hukai chini ya huyu ndugu yako. Yeye ni mtoto. Unakaa chini ya mama wa nyumba ile. Akisema umechelewa, umechelewa. Akisema rudi nyumbani, utarudi, na mimi sitauliza sababu." Alikuwa anaangalia ng'ombe wakati anasema, na alisema kwa Kiswahili, pole pole, ili afahamike.

Wifi akajibu kutoka kule ghalani, "Nimesikia, mzee."

Nilitaka kuruka. Nilijizuia mpaka tulipokuwa jikoni sisi wawili, halafu nikamshika mikono nikamzungusha mpaka akakaribia kumwaga maziwa.

"Saa kumi na mbili jioni," akasema akijitoa, "uwe umeingia nyumba."

"Wifi! Hata Nairobi hatujafika."

"Ndiyo maana nakuambia sasa," akasema, akanipa sufuria niende kuiosha.