Makoti ya Damu Moja

Shangazi alikuwa fundi cherehani mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake. Watoto wawili wa kaka yake, mmoja mwimbaji na mwingine mpiga gitaa wa bendi moja ya roki, walipoanza kujaza kumbi, vichwa viliwavimba. Albamu yao mpya waliiita Damu Moja, lakini waliirekodi kwa zamu: mmoja haingii studio mpaka mwenzake atoke.

"Damu moja ya kunguni," Shangazi alisema.

Ukafika wakati wa picha ya jalada. Kila mmoja akamjia kivyake, akinong'ona: "Shangazi, nishonee koti jekundu, kola ndefu, nimfunike yule. Ila usimwambie." Shangazi akasonya, akapima, akashona kama alivyoagizwa.

Siku yenyewe wakakutana kwa mpiga picha, wote wawili wekundu, kola zimewafika masikioni, kama majogoo wa banda moja. Wakamgeukia Shangazi, aliyekuja kurekebisha pindo, wakapayuka kwa sauti moja: "Umemshonea koti langu!"

Shangazi akatoa pini mdomoni.

"Mwaka mzima studio," akasema, "na hilo ndilo pekee mlilowahi kuimba pamoja."