Stroberi Zilizoshuka Mlimani kwa Miguu

Mzigo wa kwanza wa stroberi niliousimamia mimi ulifika mjini Morogoro ukiwa uji. Niliufungua mwenyewe mbele ya mnunuzi, mama mmoja mtengeneza keki mwenye duka lake kando ya barabara ya kwenda Mazimbu, na ndani ya zile ndoo mbili za plastiki halikuwemo tunda hata moja lenye umbo lake. Mama yule alichovya kijiko, akaonja, akaniangalia.

"Utamu upo," alisema. "Lakini bibi shamba, mimi hizi naziweka juu ya keki. Watu wanazitazama kwanza ndiyo wanakula. Hizi nitazipangaje?"

Wazo la ndoo lilikuwa langu. Nilikuwa afisa ugani mpya kabisa, nimepanga chumba Mafiga, na kila Jumatatu nilipanda na pikipiki ya ofisi hadi kata yangu, juu kwenye miteremko ya Uluguru ambako hata saa sita mchana unaweza kuhitaji sweta. Huko niliwakuta kina mama kumi na wanne wanaolima stroberi kwenye matuta, kati ya kabichi na maharage, katika mashamba waliyorithi kwa mama zao kama ilivyo kwa Waluguru. Walikuwa wakiwauzia madalali waliopanda na bei yao kichwani, au walizishusha wenyewe kwenye mabakuli na kuzitembeza mjini mpaka jua linazilegeza. Niliwaahidi kuwatafutia mnunuzi wa kudumu. Nikampata. Kisha nikawaambia wazipakie kwenye ndoo, kwa sababu ndoo ina mfuniko, na hapo ndipo nilipoharibu.

Jumapili nilipanda kwenda kuwaeleza. Tulikutana baada ya misa, uwanjani pa parokia. Mwenyekiti wao alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mwanakwaya, mwenye sauti nzito ambayo hakuhitaji kuipaza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Uso wako umeshasema. Zimepondeka."

"Zimepondeka, mama. Kosa ni langu, si lenu."

Nilijiandaa kulaumiwa. Badala yake wote walianza kuzungumza kwa mpigo, kwa Kiluguru, na mimi wakati huo nilikuwa nashika neno moja katika matano. Mwishowe akasimama mama kijana aliyekuwa na mtoto mgongoni. Nilimfahamu kwa kazi yake ya pili: alikuwa akisuka nyungo na matenga ya mianzi kwa ajili ya kijiji kizima.

"Huyo mama wa keki," aliniuliza, "anataka tunda lisilaliwe na mwenzake?"

"Ndiyo. Yakilaliana yanapasuka."

"Basi shida ni kina. Ndoo ina kina kirefu. Sisi tunataka kitu kipana kisicho na kina."

Akaondoka. Tulidhani amekwenda kumnyonyesha mtoto. Baada ya muda akarudi na trei ya mianzi, pana kama ungo lakini ya pembe nne, ukingo wake haufiki hata upana wa vidole vitatu. Alikuwa ameisuka kwa ajili ya kuanikia maharage. Aliiweka chini, akatandika majani ya kangaga aliyoyachuma njiani, akaomba stroberi. Tukazipanga safu moja tu. Kisha mwenyekiti, akiwa na kitenge chake kipya cha Jumapili, akaiweka kichwani na kuteremka mteremko wa parokia mbiombio hadi kwenye bomba la maji na kurudi. Wenzake walicheka hadi wakashikana mabega. Trei iliposhushwa tulihesabu tunda moja tu lililochubuka.

Sijui kama naweza kueleza furaha niliyoipata asubuhi ile. Chuoni nilifundishwa mengi kuhusu mazao yanayoharibika baada ya kuvunwa, lakini sikuwahi kuona tatizo likifumuliwa na kusukwa upya mbele ya macho yangu, na mtu aliyeishia darasa la saba. Katika wiki tatu zilizofuata akawafundisha wenzake wanne. Waliongeza vijiti vya mianzi kwenye pembe, ili trei moja ikae juu ya nyingine bila kugusa matunda. Mimi nilibaki kuchukua vipimo na kushangaa.

Nilirudi kwa mama wa keki nikiwa na trei moja ya mfano. Aliigeuzageuza, akainusa hata ile kangaga.

"Nina harusi Jumamosi," alisema. "Keki tano. Nataka trei kumi na mbili, Ijumaa, kabla ya saa kumi jioni. Zikija uji tena, bibi shamba, tusitafutane."

Alhamisi mvua za vuli zikaanza, mapema kuliko tulivyozitegemea. Zilinyesha mchana kutwa. Nililala kwa mwenyekiti, na alfajiri ya Ijumaa mvua ikakatika, tukaingia mashambani wote kumi na watano, ukungu ukiwa bado umelala juu ya matuta. Tulichuma tukiwa hatuonani, tunasikia sauti tu. Saa mbili trei zote zilikuwa tayari, zimefunikwa kwa majani ya mgomba, tunasubiri gari dogo la mizigo tulilolikodi. Simu yangu ikaita. Dereva alisema udongo umeporomoka na kuziba barabara huko chini, hata pikipiki haipiti, na hajui itafunguliwa lini.

Nilikata simu nikaanza kutafuta namba ya mama wa keki.

"Unampigia nani?" mwenyekiti akauliza.

"Mama wa keki. Nimwambie asitusubiri."

"Asitusubiri kwa nini?"

"Mama, barabara imefungwa."

Aliniangalia kwa upole, kama mtu anayemwangalia mgeni aliyevaa kanga kinyume. "Sisi tumeshuka mjini kwa miguu tangu barabara hiyo haijachongwa. Njia ya zamani inapita upande huu wa msitu, udongo huo hauihusu. Weka simu yako mfukoni. Vua na hivyo viatu, utateleza."

Saa tatu tulikuwa njiani. Wawili walitangulia na mapanga, wakikata matawi yaliyoanguka na kupima wapi panashikika. Sita walibeba, kila mmoja trei mbili juu ya ngata, na waliosalia walikuwa wa kupokezana. Mwenyekiti alipiga ishara ya msalaba, akashika usukani wa msafara. Mama msusi alikuwa na trei kichwani na mtoto mgongoni, na alitembea kama vile hana chochote.

Sijawahi kushuka mlima namna ile. Njia ilikuwa nyembamba, nyekundu, inang'aa kwa maji, na pembeni bonde likifunguka kila ukungu ulipopasuka, tukaona mabati ya mji yakimetameta huko chini, mbali kiasi cha kuchekesha. Hawakwenda polepole. Walikwenda kwa hatua fupi za haraka, magoti yamelegea, shingo zimenyooka, wanapiga soga muda wote. Mbele aliposema mtu "jiwe", neno lilipokewa nyuma, "jiwe, jiwe, jiwe", hadi likanifikia mimi wa mwisho nikiwa nimeshika mizizi kwa mikono miwili. Nilikuwa na hofu, na wakati huohuo nilitaka kuimba.

Katikati ya safari tulikuta kijito kimefurika. Maji yalifika magotini na yalikuwa na nguvu. Mwenyekiti hakusita, akatupanga mstari kutoka ng'ambo hii hadi ile, na trei zikaanza kupita juu ya vichwa, mkono kwa mkono. Moja, mbili, tatu. Baridi ya maji yale niliisikia kwenye meno. Trei ya tisa ilipofika mikononi mwangu, jiwe nililolikanyaga likageuka. Nilikaa majini mzimamzima. Jirani yangu aliidaka trei kabla haijachukuliwa na maji, lakini matunda yalikuwa yamerundikana kona moja, yamepondeka.

"Nimewaharibia tena," nilisema, nikiwa bado nimekaa.

"Umeharibu moja," mwenyekiti alijibu kutoka ng'ambo. "Zimebaki kumi na moja. Inuka, unazuia foleni."

Mpaka leo wananikumbusha.

Tuliingia mjini kwenye saa nane na nusu. Watu walitoka madukani kututazama: wanawake kumi na watano wenye tope hadi mapajani, mmoja wao afisa wa serikali asiye na viatu, tukipita kwa mstari na majani ya mgomba vichwani. Mama wa keki alikuwa mlangoni, mikono imejaa unga. Alifunua trei ya kwanza, ya pili, akaenda hivyohivyo hadi ya kumi na moja. Alichukua tunda moja, akaligeuza kila upande kwenye mwanga.

"Redioni wamesema barabara imefungwa," alisema. "Mmezileta na gari gani?"

Mwenyekiti alinyoosha mguu wake mmoja mbele, na tope lake, akamwonyesha.

Mama wa keki akaketi kwenye ngazi ya duka lake. Alipoinuka alikuwa anafuta macho kwa mgongo wa mkono, na unga umempaka shavuni. Akauliza trei ya kumi na mbili iko wapi. Nikaitoa nyuma yangu kwa aibu.

"Hii hatuitupi," alisema. "Osheni miguu, muingie ndani."

Tuliingia jikoni mwake tukiwa tumebanana. Aliyamimina matunda yale yaliyopondeka kwenye sufuria, akaongeza sukari, akakamua ndimu, akawasha jiko, na pembeni akachemsha chupa tupu. Harufu iliyopanda ilituvuta sote karibu. Mama msusi ndiye aliyekuwa karibu na sufuria kuliko yeyote. Aliuliza ndimu ni ya nini, chupa zinachemshwa kwa nini, utajuaje kama imeiva, na jemu isiyofunguliwa hukaa muda gani.

"Wewe umewahi kusomea mapishi?" mama wa keki alimuuliza.

"Hapana, dada. Nimezoea tu kitu kikiwa na mpangilio wake, nataka niujue wote."

Tulionja kwa mkate uliobaki wa asubuhi. Wote kumi na wanne walikuwa wamelima stroberi miaka na miaka, na hakuna aliyewahi kuonja jemu yake. Mwenyekiti alitafuna taratibu, akameza, akasema, "Kumbe tulikuwa tunawapa nguruwe hii."

Barabara ilifunguliwa baada ya siku nne, na oda ya mama wa keki ikawa ya kila wiki. Mwezi uliofuata alipanda mwenyewe mlimani. Amezaliwa Morogoro, wazazi wake walikuja kwa kazi za kiwandani, na miaka yote ameutazama mlima ule kupitia dirisha la jiko lake bila kuukanyaga. Alikaa siku mbili. Aliwafundisha jemu, nao wakamfundisha kuchuma bila kuvunja kikonyo, na mama msusi akampimia trei ya saizi ya friji yake.

Sasa matunda mazuri yanakwenda kwenye keki, yaliyochubuka yanakwenda kwenye chupa. Mwaka huu kikundi kilialikwa Gairo, kwa kina mama wa karanga wanaotaka kuanza kutengeneza siagi ya karanga. Mama msusi ndiye aliyesimama mbele yao. Mimi nilikaa nyuma, kwenye gunia, nikimsikiliza akiwaambia waanze kwa kutazama ni kitu gani wanakitupa. Mama mmoja wa Gairo akanyoosha mkono, akasema wao hutupa karanga zilizovunjika, na kabla hajamaliza sentensi chumba kizima kilikuwa kinaongea.

Nimeandika haya Jumamosi mchana, nikiwa parokiani. Nyumba ya kupikia jemu ambayo kikundi kinajijengea hapa imefika kwenye kenchi za paa. Mwenyekiti yuko chini ya ngazi, anawaelekeza mafundi bati lipi litangulie, na mafundi wanamtii.