Namba Tatu, Ng'ambo kwa Ng'ambo

Mama yangu alipofariki sikulia. Watu wa kilima chetu walikuja kunipa pole, wakanitazama machoni, wakayakuta makavu, wakaenda zao kusaidia kukata migomba ya kibanda cha waombolezaji. Shangazi yangu aliniuliza kama nimekula. Nilimwambia nimekula, ingawa sikumbuki. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unajua ni wako, lakini ukiugusa unaona kama wa mtu mwingine. Hata hasira, ambayo kwa kawaida siikosi, ilikuwa imeniaga.

Baba yetu alioa wake wawili wasiopikika chungu kimoja, akawajengea kila mmoja kilima chake, mto katikati. Mimi nilizaliwa huku, ndugu yangu akazaliwa ng'ambo. Baba alipofariki, nyumba hizo mbili ziligombea kipande cha bondeni kinachoota nduma, kipande ambacho ng'ombe watatu wakilala hakibaki na nafasi ya mbuzi. Mama yangu akatangaza kwamba mtu wa nyumba ile akikanyaga ua wake, yeye mwenyewe atahama. Mama wa ng'ambo akajibu kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Tangu siku hiyo mimi na ndugu yangu tukawa watu wa kuitikiana kwa kichwa tu tukikutana sokoni Keumbu.

Lakini kabla ya ugomvi huo tulikuwa tumefundishwa tarumbeta pamoja, misheni. Mwalimu wetu wa bendi alikuwa askari mstaafu aliyelisikia kosa kabla hujalifanya. Ndugu yangu alimpa yufoniamu, ile yenye sauti ya mwanamume anayeimba akiwa ameshiba. Mimi alinipa besi, kubwa kuliko zote, kwa sababu nilikuwa na mgongo mpana. Habari ya kipaji haikuulizwa. Kwenye maandamano ya kanisa wenye tarumbeta ndogo walijichukulia wimbo wote, sisi tukaachiwa pum, pum, pum kutoka kanisani mpaka sokoni. Ukipiga hivyo mwaka mzima, akili inasinzia.

Mwalimu aliliona hilo. Akasema kwamba hajawahi kuona kitabu kilichowafikiria wapigaji wa sauti nene wawili peke yao, basi atatuandikia yeye vipande vinne. Kimoja alikitoa kwenye wimbo wa akina mama wa kupalilia wimbi, viwili kwenye nyimbo za ibada, na kimoja akakitunga mwenyewe. Havikuwa na majina, vilikuwa na namba tu. Ukiondoa vile vinne, hatukuwa na kingine cha kupiga wawili duniani. Tulichokipenda ni kile alichokitunga, Namba Tatu. Kilikuwa cha polepole, chenye mistari mirefu: yufoniamu inaanza peke yake sauti mbili, besi inaingia chini yake, halafu mstari unaisha kwa pamoja.

Vita vya pili vya dunia vilipokuja mwalimu akarudishwa jeshini na bendi ikavunjika. Padri akatuambia tukae na vyombo nyumbani mpaka atuite. Ninavyoandika, bado hajaita.

Jioni moja, nyumba zetu zikiwa zimeshanuniana miezi kadhaa, mvua ya alasiri ilikatika na hewa ikawa safi. Nikasikia kutoka ng'ambo sauti mbili za kwanza za Namba Tatu. Nikaitoa besi chini ya kitanda, nikasimama nyuma ya nyumba, nikaingia chini yake. Mama alinisikia. Alijua ninapiga na nani, kwa sababu hakuwa kiziwi, lakini hakunikataza. Ugomvi wake ulihusu kukanyaga ua, na sauti haina miguu.

Ikawa ndiyo desturi yetu, miaka na miaka. Mvua ikikatika, yeye anaanza, mimi nafuata. Nilijivunia sana jinsi tulivyopatana. Bonde lote lile katikati yetu, na bado mistari yetu iliisha pamoja kana kwamba tumekaa benchi moja. Baada ya kila mstari alikuwa akitulia kidogo kabla ya kuanza mwingine. Nilidhani anavuta pumzi. Baadaye nikazoea kwamba ndivyo Namba Tatu ilivyo.

Siku ya mazishi alikuja. Alivuka mto, akapanda kilima na yufoniamu begani, akaingia ua aliokatazwa. Baba mdogo alikuwa akisema tangu asubuhi kwamba sasa nyumba hizi zirudi kuwa moja, kwa hiyo kila jicho lilitutazama. Mimi pia nilijua kilichokuwa mbele yangu. Mama akishafukiwa, mtu niliyebaki naye ni huyu, au sina mtu. Nilijua hilo kama mtu anavyojua bei ya chumvi, bila kusikia chochote moyoni.

Katekista alipomaliza sala, ndugu yangu alisimama kando yangu kaburini. Hatukuwa tumesimama pamoja tangu bendi. Akaanza Namba Tatu, nikaingia chini yake, mstari wa kwanza ukaisha vizuri kabisa. Nikaondoa mdomo nipumzike kama siku zote. Yeye akaanza wa pili papo hapo.

Nilimkimbilia kama mtu aliyeachwa na lori. Nilipomfikia mstari ulikuwa umefika katikati, na midomo yangu haikukaa sawa. Mstari wa tatu, vilevile. Wa nne nilikoroma tu. Nyuma yangu nilimsikia shangazi akimwambia mtu, bila kujali kama ninasikia, "Hata tarumbeta zao zinagombana."

Udongo ulipokwisha kurudishwa nilimvuta ndugu yangu nyuma ya nyumba.

"Umekuja kunikimbia mbele ya watu?" nilimwuliza. "Leo?"

"Sikukukimbia, ndugu yangu. Leo hukuchelewa, kwa hiyo sikukungoja."

"Kuningoja vipi?"

Alinitazama akidhani namtania. "Si huwa unachelewa? Miaka yote hii. Mstari wangu ukiisha wewe bado unavuta wako. Nangoja uishe, ndipo nianze mwingine."

"Sijachelewa hata siku moja. Tunamaliza pamoja. Ninasikia kwa masikio yangu."

Akageuka kutazama kwao. Ng'ambo, mkewe alikuwa akipasua kuni uani. Shoka lilishuka kimya. Lilipokuwa limekwisha kuinuliwa tena, ndipo tuliposikia ta.

Tulisimama pale tukimtazama mkewe mpaka kuni zikaisha. Jambo hilo, kwamba sauti huchelewa kuvuka bonde, kila mtu wa vilima hivi analijua tangu utotoni, na hakuna kati yetu aliyelipeleka kwenye tarumbeta. Sauti yake ilikuwa ikisafiri kuja kwangu, nami naifuata, kwa hiyo kwangu tulikuwa pamoja. Kisha yangu ilikuwa na safari yake ya kurudi. Mimi nilikuwa nimekula utamu wote. Yeye, aliyeanza kila jioni, hakuwahi kuisikia Namba Tatu ikiwa nzima.

"Mbona hukuacha?" nilimwuliza.

"Kuacha nini?"

"Kupiga na mtu anayekuharibia wimbo."

Aliifuta yufoniamu kwa kiganja. "Nilidhani ndivyo ulivyo tu," alisema. "Mtu wa mgongo mpana, wa polepole. Nikikungoja unafika."

Akaniaga, akaenda kumpa mkono baba mdogo, akateremka mtoni. Niliingia nyumbani, nikakaa kwenye kigoda cha mama, nikatazama miguu yangu.

Mvua ilikuja na mawe kidogo, ikakatika. Waombolezaji walikuwa wamejibana ndani ya kibanda wakinywa chai. Nilijua kwamba muda si mrefu ataanza, kwa kuwa hata siku kama ile asingeacha. Nikaitoa besi, nikaenda nyuma ya nyumba, na sikumngoja aanze. Nikaanza mimi, sehemu ya chini bila ya juu, sehemu ambayo mtu asiyeijua angedhani ni ng'ombe anayelalamika.

Kulikuwa kimya. Halafu yufoniamu ikaingia juu yangu, imechelewa, kila sauti yake ikikanyaga isipotakiwa. Ilikuwa mbaya. Ilikuwa mbaya kuliko ile ya kaburini, na nilitaka sana kupunguza mwendo ili nimpokee, lakini nikakaza roho nikaenda mbele, kwa sababu nilijua kule aliko yeye inasikika nzima.

Nilifika mwisho wa mstari nikaondoa mdomo. Yake ilikuwa bado inakuja juu ya bonde. Hapo ndipo machozi yaliponitoka, na machozi na besi havipatani. Nikayaacha yashuke, nikamngoja amalize, kisha nikaanza mstari wa pili.